Laini ya Nje

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua ya mkono, na kidole kimeshaanza kuniuma, ujue ni kwa ajili yako tu. Mtu aliyepokea simu za watu miaka kumi na miwili leo hataki hata moja ya kwake. Ukiulizwa unasema masikio yako yamestaafu. Basi sawa, acha vidole vyangu vifanye kazi.

Sisi wazima. Mama anakusalimu. Nilipomwuliza nikuandikie nini kutoka kwake alisema, "Msalimie," akaendelea kukunja nguo.

Nina habari itakayokufurahisha. Hospitali imetuhamishia seva zetu kwenye chumba cha simu, kile chako. Ukutani bado kuna alama ya ubao wenu, mstatili mrefu ambao rangi yake haikupauka, na chini yake kuna matundu ya waya, nimeyahesabu, ni kumi na manne. Sakafu imechimbika mahali pawili, nadhani ni kiti chako na kiti cha mwenzako. Meza yangu nimeiweka hapo hapo. Nilipomwambia mama nilitegemea atacheka, maana naye alifanya kazi hapo miezi michache kabla sijazaliwa. Akasema hakumbuki kitu.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa, ukanionya nisikujibu "kompyuta" nikanyamaza. Haya. Maabara ina programu inayotunza majibu ya wagonjwa, na majibu yakiwa tayari inawatumia ujumbe kwenye simu zao. Tunataka kuibadilisha, lakini huwezi kufanyia majaribio kwenye majibu ya watu. Kwa hiyo tumetengeneza nakala yake nzima na kuiweka kwenye kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala plastiki, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kubwa. Ziko tatu humo ndani na zinahitaji kuongea, basi tunaziwekea swichi, nayo pepe, haina waya hata mmoja.

Swichi hiyo ni ya aina tatu. Ya nje inaziruhusu kuongea na dunia nzima. Ya ndani inaziruhusu kuongea zenyewe kwa zenyewe, na pia na ile kompyuta kubwa iliyozibeba. Ya faragha inaziacha ziongee zenyewe kwa zenyewe tu, hata mwenye nyumba hasikii. Sisi tumeweka ya faragha, ili nakala ifanye makosa yake yote humo humo bila kumgusa mtu.

Aliyeiweka ni mwenzangu, mzee mmoja tunayemwita Taratibu. Ana daftari anamoandika kila hatua kwa kalamu ya risasi, na kila hatua akiimaliza anaiwekea alama. Kuwasha kompyuta tu kwake ni hatua tatu. Nisikufiche, ananichosha. Juzi nilimaliza kazi yangu, nikaenda kunywa chai, nikarudi, yeye yuko hatua ya sita kati ya kumi na moja. Lakini tangu nimjue sijaona mkono wake ukiharibu kitu, na hilo nalikiri.

Swali la mwisho. Kwenye kopo la vifungo la mama kuna kichwa cha shaba chenye shingo nyekundu, kama vile vya waya za ubao wa simu nilivyoviona kwenye picha za zamani hapa ofisini. Utotoni nilikichezea nikidhani ni cha cherehani. Ni chako?

Bisibisi wako


Jumamosi, 8 Machi

Bisibisi mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma hapa dukani mteja akiwa amesimama na redio yake mkononi, na akasubiri hadi nikamaliza.

Nimeelewa yote, usishangae. Ubao wetu ulikuwa na safu mbili, juu laini za nje, chini laini za wodi na madaktari. Daktari akitaka kuongea na wodi unachomeka chini kwa chini, na aliye nje hapati hata pumzi yao. Akitaka mtu wa nje unachomeka waya mwekundu juu, na wakimaliza unauchomoa kabla hujafanya kitu kingine chochote. Faragha yako tuliijua zamani. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na waya wa kushika, na wewe unafunga mlango usioonekana wala kugusika, na unafungika. Mtoto aliyenifungulia pasi akiwa na miaka minne, ikabaki vipande juu ya mkeka, leo anajenga vyumba mahali pasipo na ukuta. Sikuvishi kilemba cha ukoka. Najivunia, na yule mteja nilimweleza habari zako mpaka akauliza kama unatengeneza na redio.

Huyo Taratibu usimcheke. Nampenda bila kumwona. Anayeandika kila hatua ni mtu anayejua kwamba kichwa kinavuja, na wengi wetu hatutaki kukubali hilo. Kaa naye karibu, umuige.

Kuhusu kopo la vifungo, muulize mwenye kopo. Mama yako msalimie sana. Mwambie goti langu halijambo.

Shangazi yako


Alhamisi, 20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Huku hapakaliki.

Jumatatu asubuhi nakala yetu ilitoka nje. Watu mia mbili na kumi na wawili walipata ujumbe kwenye simu zao: "Majibu yako ya maabara yamerekebishwa. Fika hospitali leo." Hakuna jibu lililorekebishwa. Lilikuwa jaribio.

Kufika saa tatu uwanja ulikuwa umejaa. Alikuja mwalimu aliyeacha wanafunzi katikati ya mtihani, chaki bado iko kwenye vidole. Alikuja mama mjamzito, viatu mkononi, alikuwa ametembea upesi akaona vinamchelewesha. Mwanaume mmoja ambaye mwezi uliopita aliambiwa hana ugonjwa alisimama mbele ya dirisha la maabara, akashika ukuta kwa mikono miwili, akashindwa kuuliza. Tuliwaeleza mmoja mmoja hadi alasiri. Wengine walitutukana, wengine walikaa chini na kushukuru, na waliotushukuru ndio walioniumiza zaidi.

Mkuu wetu alifungua kumbukumbu za mashine. Swichi ya faragha ilikuwa mahali pake, haijaguswa. Lakini kompyuta ya majaribio ilikuwa imeongezewa kadi ya pili ya mtandao, na kadi hiyo imeunganishwa na swichi ya nje. Kwa hiyo mlango mmoja umefungwa, na pembeni yake mwingine uko wazi. Iliongezwa Jumanne ya wiki iliyopita, saa saba na dakika kumi mchana, kwa akaunti ya Taratibu. Aliyebonyeza jaribio Jumatatu pia ni yeye, akiamini chumba kimefungwa.

Walimwuliza. Alifungua daftari lake, akapitia hatua moja moja kwa kidole, hiyo haikuwemo. Kisha akasema maneno yanayonirudia kila nikikaa. "Sikumbuki kuifanya. Lakini kama jina ni langu, labda nimeanza kusahau." Hakubishana. Wamemsimamisha kazi hadi kikao cha Ijumaa ijayo, na mkataba wake unaisha mwezi huu huu. Kalamu zake za risasi ameziacha mezani, zimechongwa zote.

Mtu kama yule, shangazi. Jumanne hiyo hata mezani hakukaa sana, saa saba alikwenda kuchukua miwani yake mpya akarudi karibu saa nane, na bado alimaliza kazi zake zote. Watu wananipa pole kwa kufanya kazi na mzee aliyechoka. Nami naitikia tu.

Bisibisi


Jumatatu, 24 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Hii nampa dereva wa basi la asubuhi ili ikufikie kabla ya hicho kikao.

Unaandika kwamba kadi iliongezwa saa saba na dakika kumi. Mistari michache chini yake unaandika kwamba saa saba mzee alikwenda kuchukua miwani. Sasa mwanangu, kama hakuwepo, mkono ulikuwa wa nani? Usinijibu mimi. Nadhani ulitaka niulize, ndiyo maana ukaniandikia.

Nikueleze kitu ambacho sijawahi kukueleza. Unajua niliondolewa kwenye kazi ya simu, lakini hujui kwa nini. Siku hiyo nilikuwa zamu na opereta mwingine, mgeni, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Nilimwunganishia daktari mtu wa nje, wakamaliza, nikasahau kuuchomoa waya mwekundu. Daktari akageuka kuongea na wodi juu ya ugonjwa wa dada mmoja, na yule wa nje, ambaye alikuwa hajakata simu, akasikia kila neno. Kufika jioni mtaa mzima unajua. Yule dada alihama mji kabla ya wiki kwisha. Sura yake ninayo mpaka leo.

Mkurugenzi alipoingia alimkuta mgeni ndiye aliyekaa kwenye kiti, akataka kumfukuza yeye. Nikasema, "Ni mimi." Maneno mawili. Nilipoteza kazi, nikahamia huku, nikaanza kufungua redio za watu. Nililia, sikatai. Lakini sikuwahi kukutana na yule mgeni njiani nikatazama pembeni.

Wewe una kosa la dakika chache, na kosa hulipwa likaisha. Lakini yule mzee sasa hivi amekaa nyumbani kwake anakiogopa kichwa chake mwenyewe. Kila akisahau mahali alipoweka ufunguo anasema, ndiyo hiyo imeanza. Huo ndio mzigo uliomtwisha, si kazi. Nenda ukamtue.

Nakujua. Utakwenda.

Shangazi yako


Ijumaa, 28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda.

Barua yako ilifika Jumanne jioni. Niliogopa kuisoma peke yangu, nikamsomea mama kwa sauti. Nilipofika pale penye "Ni mimi," aliinuka akaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa vimeshaoshwa. Nilimwuliza kama analikumbuka jambo hilo, akafungua bomba zaidi. Nisamehe kwa kusema hivi, lakini nadhani mama bado anakuhukumu kwa lile jambo la waya, na mimi sikubaliani naye. Kwangu umepanda juu kuliko ulivyokuwa.

Ukweli ni huu. Jumanne ile nilihitaji faili moja kutoka nje. Taratibu ana njia yake ya kuingiza faili, hatua tisa, na kompyuta yangu ilikuwa inajisasisha. Yake ilikuwa wazi. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaongeza kadi, nikachukua faili, dakika nne. Nikasema nitaiondoa nikirudi kutoka kula. Sikuiondoa. Ningekuwa na daftari kama lake ningeiona hatua isiyo na alama.

Sikungoja kikao. Jana asubuhi nilimwomba mkuu amwite mzee, nikasema mbele yao wote wawili. Mkuu alianza kufoka, ana haki. Nilikuwa namtazama Taratibu. Alivua miwani yake mpya, akaifuta kwa muda mrefu, akaivaa tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi lolote. Akaniuliza, "Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

Nikamwambia ni kizima kuliko changu. Shangazi, mzee alicheka peke yake kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Akaniambia kwamba siku kumi hizo alikuwa akimwomba mkewe amwulize majina ya wajukuu kila asubuhi, ili ajue yamebaki mangapi. Nililia pale pale, ofisini, mbele ya mkuu.

Mimi nimepewa onyo la maandishi, na kwa miezi mitatu sitaingia chumba cha seva. Nipo dirishani nabadilisha kibodi za watu. Yeye amerudi kazini na mkataba wake wataujadili upya. Leo mchana alinijia na daftari jipya na kalamu moja iliyochongwa. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa mkono wake hatua ya kwanza: kabla ya kujaribu, hesabu kadi zote za mtandao, usitazame swichi peke yake. Hatua hiyo hakuwa nayo. Anasema ameipata kwangu. Mimi nilidhani nafanya kazi na mtu wa polepole, kumbe nilikuwa nimekaa karibu na bingwa.

Bisibisi wako


Jumapili, 30 Machi

Wifi,

Shikamoo. Najua unashangaa kuona mwandiko huu. Hata mimi nimeanza karatasi nne kabla ya hii.

Mtoto alinisomea barua yako. Umemwandikia kwamba waya uliusahau wewe. Wifi, tangu lini? Aliyechomeka ni mimi. Aliyesahau ni mimi. Wewe ulikuwa dirishani unanimenyea chungwa, kwa sababu nilikuwa natapika tangu asubuhi. Nilipoona taa ya juu bado inawaka nilichomoa kwa nguvu, kichwa cha waya kikabaki mkononi mwangu, nikakitia mfukoni kama mwizi. Mkurugenzi akaingia akauliza ni nani. Nikafungua mdomo. Ukasema, "Ni mimi," kabla sauti yangu haijatoka, nami nikaufunga. Nimeufunga miaka thelathini na mmoja.

Kiti cha mkuu wa maopereta kilikuwa kinakungoja wewe, kila mtu alijua. Kaka yako, Mungu amrehemu, alikununia miaka miwili akisema umetia aibu jina la baba yenu. Alikuwa akiyasema hayo mezani, na mimi napakua chakula. Ameondoka duniani akiamini hivyo. Umekuwa ukishangaa kwa nini salamu zangu kwako ni neno moja. Niliogopa kwamba nikiongeza la pili, la tatu litatoka lenyewe.

Nilijua hukunisema kwa mtu. Nikajiambia labda umesahau, umri umekwenda, mambo yamepita. Kumbe hukusahau hata kidogo. Ulipotaka kumfundisha mwanangu kusema kweli, ulijipaka matope kwa mara ya pili ili mimi nibaki msafi machoni pake. Sijaona mtu kama wewe. Nimeishi na watu wengi wazuri, sijaona.

Basi jana nimemwambia mwenyewe. Nilidhani ataondoka chumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akachukua kopo la vifungo, akalimwaga lote mezani, akakitafuta kile kichwa cha shaba na kukiweka kwenye kiganja changu. Akasema, "Mama, mimi siku kumi tu zilinikondesha. Wewe umebebaje?" Tulikaa pale tunaokota vifungo mpaka vikaisha.

Nataka kuja kukuona. Kama hutaki, nitaelewa.

Wifi yako


Alhamisi, 3 Aprili

Wifi,

Marahaba. Marahaba mara thelathini na moja.

Usinifanye malaika, sina mbawa, nina goti bovu. Nilisema "Ni mimi" kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaliona tumbo lako kabla hujamwambia hata kaka yangu. Ningefikiri kidogo zaidi labda nisingesema. Na miaka ya kwanza huku nilikukasirikia sana. Kikombe ulichonipa siku ya harusi yenu nilikipiga ukutani, na kilikuwa kikombe kizuri. Baadaye hasira zikaisha zenyewe. Kilichobaki ni kusubiri useme. Sikutaka useme kwa mkurugenzi wala kwa kaka. Nilitaka uniambie mimi tu.

Nilipomwandikia Bisibisi uongo ule nilijua atakusomea. Nilitaka asikie cha kumsaidia, na nilitaka na wewe usikie. Hilo nalo nalikiri, ili tusibaki na waya uliosahauliwa mahali.

Umemlea vizuri, wifi. Mtoto aliyekwenda mwenyewe mbele ya mkuu wake bila kusukumwa mlangoni hakuokotwa barabarani. Kuna mtu aliyemfunza, na mtu huyo hakuwa mimi.

Njoo. Njoo na hicho kichwa cha shaba, nitakitia waya mpya mbele yako.

Jambo la mwisho. Watu wakiniuliza kwa nini sina simu nawaambia masikio yamestaafu. Nawadanganya. Ningekuwa nayo, kila ikilia ningedhani ni wewe, na ingekuwa mtu anauliza redio yake. Jana nimenunua. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii, na hakuna mwingine aliye nayo, hata Bisibisi. Nipo dukani kuanzia saa tatu asubuhi.

Ikilia nitajua ni nani.

Wifi yako